Mashine ya Zuleikha na Sharti la Bi Biasha

Sharti la Bi Biasha lilikuwa moja: mchoro wa kofia ya bwana harusi hushonwa mara moja tu, kisha kofia hufuliwa mpaka alama zote za penseli zitoke. Aliyetaka kuchorewa alilikubali kwa mdomo wake kabla penseli haijagusa bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia. Zuleikha alilikubali akiwa msichana, akalishika mpaka akawa mama wa watoto wakubwa. Mwaka juzi alilivunja, na alilivunja akijua.

Bi Biasha anakaa Vikokotoni. Ni mdogo wa mama yake Zuleikha, na ndiye aliyemlea Zuleikha baada ya mama huyo kufariki. Alimfundisha kushona viua, vile vitundu vidogo vinavyotobolewa kwenye kitambaa na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja mpaka vifanye ua au nyota. Macho yake wakati huo hayakuwa yakishona tena, lakini mkono wake ulikuwa bado unachora. Si mtu mpole. Amewahi kumrudisha mlangoni mke wa tajiri aliyetaka kofia "kama ile ya fulani." Watu walimsema kwa ukali wake na bado walimwendea, kwa sababu akikwambia kofia hii haina ya pili, basi haina. Hana duka wala shamba. Ana neno lake tu, na kila kofia ya harusi iliyotoka mkononi mwa Zuleikha ilikubalika mjini kwa sababu ya neno hilo.

Watu wa mtaani husema mashine ndiyo iliyoleta balaa. Huko ni kumtafutia mtu kisingizio. Mashine ya kudarizi ni kitu cha plastiki na chuma. Haiapi wala haivunji kiapo. Zuleikha aliinunua Mlandege, katika duka la vitu vilivyotumika kutoka Dubai, akaipandisha ghorofani, mtaa huo huo, alikokuwa akiishi na mumewe Machano na wifi yake Wanu. Ilikuja na kitabu cha maelezo kwa maandishi asiyoweza kuyasoma hata herufi moja.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Mshonaji wa mkono hukata kwanza, ukanda wa pembeni na duara la juu, ndipo akachorewa na kushona. Zuleikha akafanya vivyo hivyo. Alikata duara kamili la kofia, akalibana kwenye fremu ya mashine, na fremu haikuwa na pambizo la kushika. Kitambaa kikachomoka, sindano ikagonga ukingo ikakatika. Akajaribu tena bila kuweka chini ya kitambaa karatasi ngumu ya kukishikilia, kwa kuwa aliitia bafta wanga kama alivyozoea akaona inatosha. Kitambaa kikajikunja kama uso wa mtoto anayetaka kulia. Mara ya tatu uzi wa bobini ukajisokota chini ukawa donge.

Wanu alikuwa mwanamke wa maneno, aliyerudi kwa kaka yake baada ya kuachwa, na hakuwa na huruma.

"Wifi, hiyo inashona au inatafuna?"

"Nyamaza, Wanu."

"Nshanyamaza. Nnaisikia tu inavyocheua." Akalinyanyua lile duara lililojikunja. "Na hii kofia ya nani? Ya bata?"

"Ya kaka yako."

"Basi atembee kwenye maji."

Haki ya mtu isemwe: Zuleikha hakukata tamaa. Alitazama video kwenye simu. Akajifunza kubana kitambaa kikubwa kwanza na kukikata baada ya kushona, kuweka karatasi chini, kupunguza mwendo, kubadilisha sindano kabla haijawa butu. Baada ya muda alishona jina la Machano kwenye foronya, herufi zikakaa sawa, na hata Wanu alikosa la kusema kwa muda wa kikombe kizima cha chai. Kama hadithi ingeishia hapo, ingekuwa ya kusifiwa.

Lakini michoro iliyokuwamo ndani ya mashine haikuwa ya huku. Ilikuwa waridi, vipepeo, dubu, na mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na nguo nyekundu.

"Mshonee Machano huyo mzee," Wanu alisema, "aende naye msikitini Ijumaa."

Zuleikha hakucheka. Alikuwa ameshazungumza na Abdulhakim, mwenye duka la zawadi Kendwa, aliyetaka kofia zenye viua vya kweli, nyingi na kwa haraka, za kuwauzia wageni na vijana wa mahotelini. Mashine ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mchoro, na mchoro mzuri ulikuwa Vikokotoni.

Angeweza kuomba. Bi Biasha alichora pia kofia za kawaida zisizo na sharti, na pengine angekubali, pengine angefoka. Zuleikha aliogopa kufokewa. Kwa woga mdogo kama huo mtu mzima alichagua kuiba.

Wakati huo Bi Ulfat wa Malindi alikuwa akimwoza binti yake, Shadya, kwa kijana aitwaye Sabri. Binti alitaka ampelekee mchumba wake kofia iliyochorwa na Bi Biasha. Zuleikha akaitwa kushona, na Bi Biasha akamkalisha mkekani mbele yake kama siku zote.

"Unalijua sharti."

"Nnalijua, mama."

"Liseme."

"Mara moja, kisha nnafua."

"Haya. Usije ukanitia maneno na watu wa Malindi. Wana midomo wale."

Ulikuwa mchoro ambao Bi Biasha hakuwahi kuuchora kabla: mikarafuu midogo iliyopishana, na kila shina limeinamia la mwenzake. Zuleikha aliondoka nao, akafika nyumbani, akautandaza dirishani na kuupiga picha kwa simu. Kabla hajatia kiua cha kwanza, duka moja la kompyuta Darajani lilikuwa limeshaigeuza picha ile kuwa faili na kumtilia kwenye flashi.

Kofia ya Sabri aliishona kwa mkono, yote, kwa uaminifu, kana kwamba uaminifu wa sindano unafuta wizi wa simu. Alipomaliza aliifua na kuipeleka Vikokotoni. Bi Biasha aliisogeza kwenye mwanga, akaigeuza ndani nje akitafuta alama ya penseli, asiione.

"Mchoro umekwisha," alisema.

"Umekwisha," Zuleikha akajibu, na flashi iko ndani ya mkoba wake.

Kisha mashine ikafanya kazi yake. Kofia za mikarafuu zikaenda Kendwa, na Abdulhakim akapiga simu kuomba nyingine. Zuleikha alijua kuwa bwana harusi anafanya kazi ya hoteli. Hakuuliza hoteli ya wapi. Mtu asiyetaka kujua huwa haulizi.

Siku ya nikaha Sabri aliingia msikitini na kanzu yake na kofia ya mikarafuu. Baada yake wakaingia wenzake wa kazini kutoka Kendwa, na watatu kati yao walikuwa na mikarafuu ile ile kichwani. Mtu mmoja katika safu ya nyuma akasema kwa sauti, "Kadhi atatuozeshea yupi? Au wote?" Watu wakacheka ndani ya msikiti. Sabri akaivua kofia, akaiweka mapajani, na akaozeshwa kichwa wazi.

Habari zilifika kwa wanawake kabla ya haluwa. Bi Ulfat alimwambia mtoto wa ndugu yake akaazime kofia ya mmoja wa wale vijana wa Kendwa, kisha yeye mwenyewe akaitia chini ya baibui, akashika njia ya Vikokotoni. Zuleikha alikuwa miongoni mwa waalikwa. Alimfuata kwa nyuma, akasimama mlangoni kwa Bi Biasha.

"Shikamoo, Bi Biasha. Umenifanya kichekesho."

"Marahaba. Kichekesho gani?"

"Kofia ya mkwe wangu umeiuza mpaka Kendwa. Ungesema tu kuwa njaa imekushika, tungekuchangia."

Kikongwe aliinuka kwenye mkeka. "Ulfat, chunga ulimi. Kofia yako haina ya pili. Wallahi haina."

Kila kitu kilikuwa pale. Zuleikha alikuwa na nafasi ya kusema neno moja kabla kiapo hakijatua, na baada ya kutua alikuwa na nafasi nyingine. Hakusema. Alimwacha mwanamke aliyemlea aape uongo kwa jina la Mungu mbele ya mtu aliyekuja kumshutumu.

Bi Ulfat akaitoa ile kofia na kuitupa mkekani. "Basi hii ni nini? Malaika wameishona?"

Bi Biasha aliiokota, akaigeuza ndani nje. Uzi wa nyuma ulikuwa umelala sawasawa, hakuna fundo hata moja la mkono wa mtu. Hakumtazama tena Bi Ulfat. Alimtazama Zuleikha.

"Nenda nyumbani, Ulfat," alisema. "Una harusi."

Bi Ulfat akaondoka. Bi Biasha alifunga mlango, na Zuleikha alikuwa upande wa nje.

Kesho yake asubuhi kikongwe alipanda ngazi za Mlandege, akipumzika kila baada ya vipandio vichache.

"Karibu, Bi Biasha," Wanu alisema. "Mashine imeshaamka."

Bi Biasha alimpita. Akasimama mbele ya mashine. "Ufue mchoro wangu," alimwambia Zuleikha.

"Haufuliwi, mama. Unafutwa."

"Ufute basi."

Zuleikha akabonyeza, kioo kikawa kitupu. Akachomoa flashi, akaivunja kwa kisigino.

"Umetoka?"

"Umetoka, mama."

"Nitajuaje?"

"Nshakwambia umetoka."

"Ndivyo ulivyonambia na siku ile." Sauti yake haikupanda. "Na huko Darajani ulikoupeleka, nako umetoka?"

Zuleikha akainama kuokota vipande vya flashi.

"Nna jambo moja nnalotaka kwako. Nenda Malindi ukamwambie Ulfat ni wewe. Leo."

"Mama, mchoro tu huo! Watu wote wanashona kwa mashine siku hizi, utawazuia? Nikimwambia Ulfat, nani ataniletea kazi tena? Ngoja harusi ipoe, nitakwenda."

"Leo, nimesema."

"Nitakwenda, mama. Si leo."

Hakwenda siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule. Aliyekwenda ni Bi Biasha mwenyewe. Alifika Malindi, akakaa kwenye baraza ya Bi Ulfat mbele ya majirani, akasema kuwa ameapa kiapo cha uongo bila kujua, kwamba atafunga saumu ya kafara ya kiapo hicho, na kwamba hatamchorea mtu tena kofia. Hakumtaja Zuleikha. Hakuhitaji, Wanu alikuwa ameshamtaja kwa mji mzima.

Zuleikha bado anayo mashine, na anaijua vizuri sasa. Hushona majina kwenye mito na maua kwenye mashuka. Kofia za harusi haletewi. Kila Idi huenda Vikokotoni kumpa mkono mama yake mdogo. Bi Biasha huitikia "Marahaba," kisha hurudi ndani. Hajamwita mwanangu tangu asubuhi ile. Zuleikha hana mtu mwingine aliyebaki upande wa mama yake, na huyo mmoja amempoteza angali hai.