Mama Alipokata Mmea Wangu Mwekundu

Mama aliposhuka kwenye meli ya kutoka Nansio, kisiwani kwao Ukerewe, alinipa sharti kabla hata hajanikabidhi begi lake: atakaa kwangu Mkolani mpaka mvua zianze, basi. Mwezi mmoja nyuma alikuwa ameanguka jikoni kwake, akalala chini tangu asubuhi hadi jirani alipopita jioni kuomba chumvi. Nia yangu ilikuwa moja tu, asirudi kule. Nilijua akianguka tena akiwa peke yake, nitakwenda kumzika.

Kwa hiyo niliishi roho juu. Ugali ukiwa laini kidogo, namtazama usoni. Redio ya jirani ikipigwa kwa sauti kubwa, natoka kwenda kuomba ipunguzwe. Mke wangu alinitania kwamba nimegeuka mhudumu wa hoteli, na mteja mwenyewe halali kwa kuhesabu siku za kuondoka.

Kitu pekee ambacho sikukifanya kwa ajili ya mama kilikuwa tangi la samaki pale sebuleni. Hilo lilikuwa langu. Nilikuwa nimepanda humo mmea wa majini wenye mashina membamba na majani mekundu. Muuzaji aliniapia kwamba hata mvivu anauotesha: changarawe, taa, imetosha. Mimi nilifaulu kuukosea. Miezi miwili mizima ulikuwa wa kijani kama mchicha, mpaka nilipogundua kwamba taa yangu ilikuwa hafifu. Nilipobadilisha taa, majani ya juu yakaanza kuiva, kisha yakawa mekundu kabisa. Tangu hapo nikitoka shuleni ninakofundisha sikuvua hata viatu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kioo.

Ukarefuka hadi ukagusa uso wa maji. Hapo ilibidi ukatwe ncha, na ncha zipandwe humo humo siku ileile kabla hazijakauka. Niliogopa kuharibu. Kila siku nikasema kesho. Mama, ambaye alikuwa akiniona nimesimama pale na mkasi, aliniuliza nangoja nini. Nikamjibu kwamba nitaukata tu.

Alhamisi moja nilirudi nikakuta visiki vitupu, na samaki wamejibanza kwenye kona. Mama alikuwa uani, uso umekunjuka kuliko siku zote tangu aje. Akaniambia kazi iliyokuwa inanishinda amenimalizia. Alikuwa amekata ncha za pingili tatu tatu, akazilaza kivulini chini ya gunia zinyauke siku mbili ndipo zipandwe, zisije zikaoza. Ndivyo wafanyavyo kwao Ukerewe na marando, yale mashina ya viazi vitamu ya kupandia, na kwa viazi hivyo alitulea sisi sita. Nikafunua gunia. Majani yalikuwa yamesinyaa na kugandana.

Mimi ni mwepesi wa hasira, na sijivunii. Nilimwambia kwa ile sauti wanayoijua wanafunzi wangu: "Hapa siyo shambani kwako, mama. Usiguse kitu usichokijua."

Mke wangu alikuja akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Mama aliinama akaokota kisu alichotumia, akakiosha bombani, akaingia chumbani kwake. Mimi nilikimbilia kuzichomeka zile ncha kwenye changarawe, na kila niliyoichomeka ikaelea.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo maongezi yakaisha. Nilimwomba radhi mara mbili. Mara zote mbili alisema yameisha, huku akiendelea kuchambua mchele. Usiku nilitega sikio nisikie kama anafungua begi. Nilijiaminisha kwamba visiki vile vikichipua naye atalegea, kwa hiyo nikawa navikagua asubuhi na jioni, hofu imenijaa kwa ajili ya majani.

Siku ya tisa niliona. Chini kidogo ya kila alipokata, pingili ilikuwa imetoa vichipukizi viwili, kimoja kila upande, vyekundu tangu kuzaliwa. Shina moja lilikuwa linakuwa mawili. Nilimwita mama kwa furaha, nikamshika mkono hadi kwenye kioo, nikamwambia yeye ndiye aliyekuwa sahihi na mimi mpumbavu.

Aliinama, akatazama kwa makini.

"Nilijua vitachipua," alisema. Kisha, macho yakiwa bado kwenye maji: "Baba yako alikuwa ananifokea hivyohivyo. Yeye nilimvumilia kwa ajili yenu. Wewe nikuvumilie kwa ajili ya nani?"

Alikwenda chumbani kukunja kanga zake, nami sikuwa na uso wa kumzuia.