Sahani ya Nne

Juzi nilikuwa kwenye ofisi moja Njiro wanakotengeneza wasaidizi wa kwenye kompyuta, watu wa kuchorwa unaoongea nao na kufanya nao kazi. Anayewafundisha ni mama mmoja mjane. Kila siku anaandaa meza kwenye skrini huku akieleza kwa sauti, na msaidizi, binti wa kuchorwa, anamwangalia na kujifunza.

"Leo andaa mwenyewe," mama akamwambia. "Tuko watatu."

Yule binti wa kwenye skrini akapanga sahani tatu. Halafu akaleta ya nne, akaipakulia wali, akaifunika kwa sahani nyingine na kuisogeza pembeni.

Mama akaondoa mkono kwenye kipanya. "Hilo sijamfundisha."

"Umemfundisha, mama," mhandisi mmoja akasema taratibu. "Kila ukimaliza unafunika moja, unasema ni ya baba."

Mama akashika mdomo. "Jamani. Ni mazoea tu." Baba mwenyewe, mumewe, walishamzika kijijini Kikatiti.

Akavuta pumzi. "Ondoa hiyo sahani."

Binti akaishika, akasita, akageuka kutazama mlango uliochorwa nyuma yake.

"Baba ameshakula?"

Tunaambiwa hawa wasaidizi hawajui kitu, wanaiga tu. Sawa, mimi sibishi. Lakini mle ndani tulikuwa watu wazima, na sote tukageuka kuutazama mlango ule.

Nilipoaga, binti alikuwa bado anatazama mlango. Sahani ilikuwa bado imefunikwa.