Gauni la Mwalimu Mkuu

Fundi cherehani hajui kuchapa bila kukanyaga. Kila akigusa kibodi, mguu wake chini ya meza unasukuma pedali isiyokuwepo, na akimaliza mstari huinama kidogo kama anayetaka kukata uzi kwa meno. Ukurasa wake wa wavuti aliupima kwa ile futi ya kushonea anayoivaa shingoni, akalalamika kuwa upande wa kushoto unabana makwapa. Leo anakaguliwa. Akishindwa, anarudia kozi nzima ya kompyuta na kundi jipya, kwa hiyo roho i juu juu. Ametengeneza jedwali la wateja na jedwali la nguo, akaiagiza kompyuta iyaonyeshe yote mawili kwa pamoja, ila akasahau kuyaunganisha kwa namba ya mteja. Akabonyeza. Kila mteja akapewa kila nguo.

"Mama," akasema mwalimu, kijana ambaye fundi angeweza kumzaa, "mbona huyu mteja wako mwalimu mkuu ana gauni la harusi?"

Fundi akasogeza uso kwenye kioo cha kompyuta. "Na shela juu! Lo, na kitambi kile!" Akacheka mpaka darasa zima likaacha kazi. Kisha akafuta machozi, akashusha sauti kama anayebembeleza sindano: "Namba ya huku iwe sawa na namba ya kule." Akaongeza mstari mmoja, akabonyeza. Kila mtu akabaki na chake.

"Umefaulu, mama."

"Asante, mwanangu. Sasa nifundishe kufuta. Kuna wateja wawili humu nimewavumilia vya kutosha."