Mwanamke Aliyeniomba Nimtue Jiwe

Vijana mtakaosoma haya, msicheke kabla sijamaliza. Nimeishia darasa la nne, lakini macho yangu ni mazima na uongo sikulelewa nao. Hili lilinipata mchana, jua kali, ndani ya kanisa letu la zamani la Kianglikana, lile la mawe lililokaa juu ya mwamba. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa.

Ilikuwa Jumamosi, zamu yangu ya usafi. Mwanangu Shija, fundi ujenzi, alikuwa ameenda kula. Akirudi avunje tao, ule upinde wa mawe juu ya mlango, ili spika za kwaya zipate pa kupita. Ndiyo kwanza nimemaliza kupiga deki, akaingia binti mbichi kabisa, amejifunga kaniki, ngata kichwani, na juu ya ngata jiwe. Maji yanamchuruzika kama katoka ziwani sasa hivi.

"Nitue," akasema.

Salamu hakuna. Nikamuuliza, "Kwenu hakuna shikamoo, binti?"

Akacheka. "Nikuamkie wewe, mjukuu? Tao hili tumelibebea mawe mama yako hajazaliwa. Nitue, shingo inauma."

Mtu akiomba kutuliwa mzigo humnyimi, hata kama hana adabu. Tukalishusha. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya kushoto, chini ya tao. "Hapa tulibakiza jiwe moja. Mwanao akigonga huko juu, lote linamshukia yeye."

Nikainama kusogeza ndoo. Kuinua macho, hayupo. Sasa niambieni, mtu aliyelowa vile anapitaje kwenye deki bila kuacha alama? Nyayo zilikuwa zangu tu. Jiwe lipo.

Shija akarudi na nyundo, nikamweleza. "Mama, hiyo ni njaa. Nenda kale."

Nikavuta benchi nikakaa chini ya tao. "Haya, gonga. Uanze na mimi."

Ananijua. Akachukua patasi, akakwangua lipu pale nilipomwonyesha. Patasi ikazama mpaka kwenye mpini. Ndani ni tundu. Tukalichukua lile jiwe, likaingia bila kuchongwa. Shija akalizibia kwa saruji, kisha akakaa sakafuni.

Tao limesimama mpaka leo, na spika zinapita mlango wa nyuma. Saruji ilikauka, jiwe halijakauka, hata kiangazi. Nendeni mkaliguse. Na mkitaka kubomoa kitu mlichokikuta, ulizeni kwanza nani alikibeba kichwani.

Nyumbani kwangu Kiseke nimeshatoa amri, na wa kwanza kuishika ni Shija: ukikutana na mtu ana mzigo kichwani, hata awe mtoto wa juzi, anza wewe kumpa shikamoo, halafu umtue.