Penseli Thelathini na Nane

Dada yake alimwonya mapema: "Hapo kwenye fomu ya kazi wanapouliza kama umewahi kufungwa, paache wazi. Funika kombe mwanaharamu apite." Naye, mtu mzima wa miaka thelathini na tisa, cheti cha ualimu bado kinanukia wino, akamtii dada mtu kama mtoto. Ile miaka minne ya kifungo kwa wizi wa pikipiki akaikalia kimya.

Shule ikampa somo moja la majaribio, hesabu za darasa la pili. Mwalimu mkuu, mama wa makamo, alikaa nyuma kabisa kwenye dawati lililombana magoti. Penseli zikagawiwa kutoka kwenye kopo. Somo likanoga, watoto walijumlisha, wakatoa, wakagombania kujibu. Kengele ikalia, penseli zikarudishwa koponi.

"Hatoki mtu!"

Sauti ilimtoka yule mwalimu mgeni kabla hajaifikiria. Alikuwa ameshasimama mlangoni na kopo lake, anahesabu. Ziligawiwa thelathini na nane. Zimerudi thelathini na saba.

"Mikono kichwani, wote!"

Watoto wakatii huku wakichekelea, wakidhani ni mchezo, na hapo binti mmoja akaigusa penseli aliyokuwa ameichomeka kwenye nywele. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu hakucheka.

Ofisini akamuuliza, "Ulianzia wapi kufundisha, kaka?"

Uongo alikuwa nao tayari, wameupika na dada yake. Lakini vile vidole vidogo juu ya vichwa vilimuumiza, na aibu ikamzidi nguvu.

"Gerezani, mama. Nilikuwa nawafundisha wenzangu kusoma. Kule penseli moja ikipotea, bweni zima linapekuliwa, na darasa linafungwa. Leo nimesahau niko wapi."

Mwalimu mkuu akamsogezea fomu pamoja na kalamu yake, kidole kikiwa pale palipoachwa wazi. Naye akaandika: Ndiyo. Moyo ukawa mwepesi kidogo.

"Bodi inakaa Jumatatu," mama akasema. "Wapo saba, na watatu ni vichwa vigumu, sikufichi. Uje uwaeleze mwenyewe, nami nitasema nilichokiona. Ila habari ya mikono kichwani, iwe mwisho leo."

"Sirudii, mama."

Akaaga. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia, "Mwalimu! Kalamu yangu."

Ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Damu ikamwisha mwilini. Akaichomoa upesi, akarudi nayo mezani.

Mama alikuwa ameshainamia karatasi zake.

"Kaa nayo," akasema. "Utanirudishia Jumatatu, mbele yao."