Upande Usioguswa wa Kibanja cha Sperancia

Kila asubuhi, kabla hajabandika chai, Sperancia alifagia chini ya migomba yake. Si uani tu. Alianzia mlangoni akaingia kibanjani, akafagia njia nzima hadi mpakani kwa Melkiory, huku akiokota majani makavu na kuyalaza kuzunguka mashina kama mtu anayetandika kitanda. Hapa Kihanga mgeni akija hatazami nyumba kwanza. Anatazama migomba. Akiona majani yaliyonyauka yananing'inia, anajua kwamba aliyemo ndani ni mgonjwa au amekata tamaa, hata kama bati linang'aa.

Mumewe, Novatus, alimwachia mashina mia mbili arobaini na binti mmoja, Stephania, aliyeolewa Murongo na anayeuza vitenge huko mpakani. Mtoto wa kiume hawakupata. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa, na Kahigi, kaka mkubwa wa marehemu, akasema mbele yetu majirani kwamba shemeji ataendelea kukaa hapo maadamu kibanja kinatoa mkungu. Siku migomba itakapoisha, ardhi itarudi kwenye ukoo. Hakuna aliyepinga. Wakati huo hakuna aliyewahi kuona migomba ikiisha.

Kisha mnyauko ukaingia. Jani linageuka manjano wakati mgomba bado mchanga. Ndizi zinaiva kabla ya kukomaa, na ukizipasua ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina linatoka usaha wa manjano. Kibanja cha Melkiory kiliisha ndani ya miezi minane, akapanda mahindi. Cha Evaresta kikafuata. Kwangu yalibaki mashina tisa, nayo nikayang'oa. Katika mteremko wetu kikabaki cha Sperancia peke yake, nacho kilikuwa kimeshaguswa.

Ndipo alipokuja Ikram, binti mtafiti kutoka kituo cha utafiti wa kilimo. Wazee wake walikuwa watu wa pwani na Kinyambo, lugha yetu, hakukijua, lakini alikuwa na adabu, akimwamkia kila mtu shikamoo hata wale aliolingana nao. Alikuwa anatafuta kibanja kimoja kikubwa ambacho ugonjwa umeingia bila kukimaliza. Alikitembea cha Sperancia siku nzima, halafu akakigawa mara mbili kwa kamba ya bluu. Upande mmoja utatunzwa: ua linaloning'inia chini ya mkungu litavunjwa kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, na mgomba wenye dalili utakatwa mara moja. Panga litapitishwa motoni kila baada ya mgomba mmoja, na kwa kazi hiyo aliacha karai kuukuu la makaa. Upande wa pili hautaguswa kabisa. Bila huo wa pili, alisema, hatutajua kama ni matunzo yaliyoponya au ni bahati.

Aliamua kwa kurusha sarafu upande upi utunzwe. Sarafu ikachagua upande wa chini. Upande wa juu, ulioko kati ya nyumba na barabara, ukawa ndio wa kuachwa.

Sperancia akauliza, "Na mgomba ukifia pale mbele ya mlango wangu?"

"Utaachwa hapo hapo, mama. Tutauhesabu."

"Mpaka lini?"

"Misimu minne."

Sperancia alicheka kama mtu aliyeombwa atembee uchi hadi sokoni. Lakini alikubali, kwa sababu ya jambo ambalo Ikram alilisema baadaye. Kama tofauti itaonekana wazi mpaka mwisho, kituo kitaleta miche safi. Kitalu cha kijiji kitawekwa uani kwake, na upande wake uliokufa ndio utakaopandwa kwanza. Alipiga hesabu yake haraka. Upande wa chini ungemlisha na kumpa mkungu wa ukoo, na upande wa juu ungefufuka. Kahigi asingekuwa na la kusema.

Mimi nilipewa daftari kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Kila Jumamosi nilipita pande zote mbili, Sperancia akiwa nyuma yangu, nikaandika mashina mazima, yenye dalili na yaliyokufa.

Ilikuwa miezi migumu kwake kuliko Ikram alivyojua. Migomba ya upande wa juu ilinyauka ikakunjika, ikaoza ikiwa imesimama, mingine ikaegemeana kama walevi. Harufu ilifika barabarani. Sperancia akaacha kupita mlango wa mbele. Kwenda kanisani alizunguka nyuma, kupitia mahindi ya Melkiory, na umande ukamlowesha gauni. Watu waliopita kwenda sokoni walisema kwa sauti ambayo angeisikia kwamba Mama Stephania sasa amezeeka. Kahigi naye alipita siku moja, akasimama barabarani na baiskeli yake, akatazama kwa muda mrefu bila kusalimia, akaondoka.

Kufikia mwezi wa ishirini daftari lilikuwa linasema lenyewe. Upande wa juu, kati ya mashina mia moja na ishirini, yalikuwa yameugua au kufa themanini na manne. Upande wa chini, sita. Ikram alisoma ukurasa ule akiwa amesimama, akausoma tena, kisha akamshika Sperancia mikono. Alisema wageni watakuja Alhamisi ya wiki inayofuata: watu wa wilaya, wakubwa zake wa kituoni, na wakulima ishirini kutoka Kyerwa, waone kwa macho yao. Baada ya hapo miche ingekuja.

Jumanne asubuhi Sperancia alinijia nyumbani. Hakuwa amefunga hata kilemba.

"Baba Winston," aliniambia, "wageni wataingilia mbele."

Nikamwambia ndiyo, barabara iko mbele.

"Watu wa Kyerwa. Watu wa wilaya. Waingie kwangu wapite katikati ya maiti?"

Alikuwa ameshawaita Melkiory na Evaresta, na wengine wanne wa mteremko wetu, na nilipofika walikuwa wameanza. Ni desturi yetu, nyumba ikitarajia ugeni mkubwa majirani huja kusafisha kibanja, na hakuna anayesubiri kuitwa mara mbili. Wao migomba yao ilikufa zamani, hawakuwa na cha kupoteza. Walikata iliyooza, wakakata na iliyokuwa na dalili, wakaiburuta na kuitupa korongoni. Panga lilikuwa moja lenye makali, la marehemu Novatus, nalo lilikwenda mkono kwa mkono. Karai la makaa Evaresta alikuwa amelibandikia maharage ya wakataji.

Mimi nilijua. Katika watu wote waliokuwa pale, mimi na Sperancia ndio tuliosikia maneno ya Ikram kila mwezi. Lakini mbele ya watu sauti hunipotea. Nilisogea karibu na Melkiory nikamwambia polepole kwamba mtafiti alikataza.

"Mwandishi wetu," akasema kwa sauti kubwa, "wewe kazi yako ni kuandika. Andika basi, sisi tukate."

Wakacheka wote, na Sperancia naye akacheka, akiwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona usoni mwake kwa miezi ishirini. Nikakaa kwenye jiwe nikafungua daftari. Kwa kuwa sikuweza kusema, nikaandika: saa ngapi panga limeanza, shina la ngapi, mstari upi, limehama kwenda kwa nani. Ilipofika zamu yangu nililipokea, nikakata migomba mitatu, nikarudi nikaandika na hiyo.

Alasiri upande wa juu ulikuwa mweupe, umefagiwa, umetandazwa nyasi. Sperancia alisimama barabarani akautazama kama ambavyo mgeni angeutazama. Kisha akalichukua panga lile lile akashuka upande wa chini. Wageni wasingekula matoke ya kununua. Alikata mikungu mitatu mikubwa, na kwa kuwa alikuwa hapo, akapunguza majani makavu mstari kwa mstari, shina kwa shina, mpaka mwisho wa kamba. Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari. Nilifungua mdomo mara mbili.

Ikram alikuja Alhamisi saa moja kabla ya wageni. Aliposhuka kwenye pikipiki hakutoa salamu, na kwake hilo halikuwa jambo la kawaida. Alitembea katikati ya ule uwazi mpaka kwenye kamba akarudi.

"Mama, iko wapi?"

"Nimewaondolea, mwanangu. Ningewaonyeshaje wageni uchafu ule?"

"Uchafu ule ndio waliokuja kuuona."

Sperancia akanitazama, kana kwamba mimi ningemtafsiria. Ikram aliketi kwenye kisiki cha mgomba na suruali yake safi. Baada ya muda akauliza ni panga gani lilitumika, na kama ni hilo hilo lililokata majani upande wa chini. Aliona alama mpya za majani yaliyokatwa, akainamisha kichwa.

Wageni walikuja wakala. Walisifu sana. Mzee mmoja kutoka Kyerwa, aliyeitwa Adelard, alisema tangu mnyauko uingie hajaona kibanja safi namna hii, na mwenye nyumba apewe heshima yake. Walimpigia makofi. Wakubwa wa Ikram walimwita pembeni, wakazungumza naye kwa muda, na walipoondoka hawakuniomba daftari. Wiki mbili baadaye ilikuja barua: jaribio la Kihanga limefutwa kwa kuwa upande wa kulinganishia haupo tena. Miche ikapelekwa tarafa nyingine.

Sperancia aliniomba nimsomee barua mara tatu. Alisema bado ana upande wa chini. Nikamwambia ndiyo, bado anao. Aliendelea kupitisha panga motoni kila baada ya mgomba mmoja, hata alipokata jani moja la kufunikia chungu.

Jumamosi ya sita baada ya wageni, katika mstari wa kwanza chini ya kamba, niliona jani la manjano. Lilikuwa changa, limekunjika katikati kama lililopitiwa na joto. Niliganda na kalamu mkononi. Jaribio lilikuwa limefutwa, hakuna aliyekuwa ananidai hesabu, na nilifikiri nikigeuza tu ukurasa atapata wiki moja zaidi ya kulala usingizi.

"Andika," akasema nyuma yangu.

Niliandika moja. Jumamosi iliyofuata saba. Kisha kumi na tisa. Migomba mizima iliyosalia juu ikaisha, na huku chini ugonjwa ulishuka mstari kwa mstari, kwa mpangilio ule ule ambao panga lilipita siku ile, mpaka nikaweza kufungua ukurasa wa Jumanne na kumwonyesha kwa kidole mgomba utakaofuata. Tulikata, tukachoma panga, tukakata. Haukusimama. Stephania alikuja kutoka Murongo akamwambia mama yake afunge mizigo waende wote. Sperancia alimpikia, akamsindikiza hadi stendi, akarudi peke yake.

Kahigi alikuja na vigingi vya kupimia mistari ya kupanda mikaratusi. Siku hiyo hiyo, kwa bahati tu, Ikram naye alifika. Hakutumwa na mtu. Alisema alikuwa anapita. Nilimpa daftari kwa aibu, nikiwa nimetazama chini, kwa sababu ndani yake mlikuwa na jina langu na migomba yangu mitatu. Alisoma ukurasa wa Jumanne, akafunua Jumamosi moja moja, akarudi Jumanne. Alisema hajawahi kuona mtu ameandika njia ya panga moja shina kwa shina, na ugonjwa ukalifuata panga hivyo hivyo. Kama mashina yaliyobaki yangeachwa bila kukatwa mpaka mwisho wa mvua, na hesabu ikaendelea, watu wa mahali pengine wangeweza kuonyeshwa kwa nini panga lisihame mkono kwa mkono.

"Hilo litanirudishia mgomba hata mmoja?" Sperancia akauliza.

"Hapana, mama."

Kahigi alikuwa ameshaanza kugonga kigingi cha kwanza. Sperancia akamwendea.

"Usiguse."

"Shemeji, tulikubaliana. Migomba imekwisha."

"Haijaisha, inakufa. Ikiisha utachukua. Mpaka mvua ikatike, usiguse."

"Uuache uchafu huu hapa, watu wauone?"

"Watu wauone."

Kahigi alimtazama, akatazama barabara, akaking'oa kigingi chake. Alisema atarudi mwezi wa sita.

Siku hizi Sperancia anafagia mpaka kwenye kamba ya bluu, anasimama. Kamba yenyewe imepauka. Chini yake hakuna anachogusa, na harufu imerudi. Kwenda kanisani anapitia mbele, barabarani, na wanaosimama kushangaa anawaamkia. Nguo zake nyingine ameshazipeleka Murongo kidogo kidogo, kwa watu wa pikipiki.

Jumamosi iliyopita nilihesabu mashina kumi na tisa yaliyosimama, nikaandika.

"Kumi na nane," akasema. "Ule wa karibu na choo ulilala jana jioni."

Nilikwenda kuangalia. Ulikuwa umelala. Nikaikata ile namba, nikaandika kumi na nane.