Mafuta ya Msandali na Mkono Wangu wa Kushoto

Wivu nilikuwa nao kabla sijawa na mke. Nilimwonea wivu kaka yangu kwa baiskeli yake, nikamwonea jirani kwa kuku wake aliyetaga kila siku. Basi nilipooa mwanamke ambaye watu walimtambua kwa harufu nzuri kabla hajafika mlangoni, nilikuwa nimejitafutia taabu mwenyewe.

Tulikaa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, miaka ile ya chama kimoja tulipolazimika kuitana citoyen, yaani raia, hata na mtu uliyecheza naye uchi utotoni. Mimi nilikuwa fundi katika karakana ya kampuni ya shaba. Mke wangu alitengeneza mafuta ya kujipaka. Alinunua gliserini famasi, na kwa Mgiriki mmoja wa mjini alinunua kichupa cha manukato ya msandali. Alidondosha matone machache, akakoroga katika sufuria ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuipikia hata chai. Pua yake ilikuwa ya ajabu. Jirani akipika maharagwe bila chumvi, mke wangu alijua kutoka kwetu.

Alikuwa na wateja tisa, wote wa barabara yetu, na alichotaka duniani ni meza yake mwenyewe katika soko la Kenya. Aliisema meza hiyo kila siku, upana wake, na upande wa kivuli atakaoiweka.

Siku moja karakanani, mwenzangu aliinama kando yangu kuangalia boliti, nami nikasikia shingo ya mke wangu. Harufu ile ile, kwenye kola ya mwanamume mwingine. Nilijua sababu. Mke wake alikuwa mteja wetu, na watu wanaolala kitanda kimoja hugawana harufu. Nilijua vizuri kabisa, lakini wivu haukutaka kujua nijuacho. Ulinila maini mpaka king'ora cha jioni. Nilimnusa mwenzangu mara nyingi hata akaniuliza kama nina mafua.

Nilipofika nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba mafuta yake yanadhuru ngozi.

"Nani alikuambia?"

"Bantu banasema."

"Bantu gani?"

Watu hao hawakuwa na majina. Lakini neno lilikwisha kumwingia, kwa kuwa wateja wake waliwapaka watoto wachanga mafuta yale. Aliweka mwiko chini.

"Kama iko mubaya, nitaacha," alisema. "Uende uulize ku dispensaire."

Nilienda kwa furaha, kichupa cha manukato mfukoni. Muuguzi wa dispensari ya kampuni alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na mimi nilitaka aseme neno moja tu, sumu. Hakulisema. Alikinusa kichupa, akaniuliza mke wangu anatia matone mangapi, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Citoyen, hii si muti yenyewe, banaitengeneza ku usine ifanane na muti," alisema, maana yake harufu ile ilitoka kiwandani, si kwenye mti wa msandali. "Bantu bengi haiwafanye kitu, kama iko kidogo ndani ya mafuta. Bila kuchanganya, hapana. Na kuko bantu bamoja ngozi yabo inakataa."

Akanifundisha namna ya kujua. Nipake mafuta kidogo ndani ya kiwiko, nifunike kwa kitambaa, nisiloweshe kwa siku mbili. Pakiwasha na kuwa pekundu, ngozi hiyo imekataa. Tena akaniita nilipokuwa mlangoni.

"Na mukono moja hausemee barabara yote. Umwambie mama vile."

Nilipaka mkono wa kushoto. Kwa siku mbili nilikichungulia kitambaa kile kila saa nikiomba upele. Siku ya pili nilifungua, ngozi ilikuwa safi kama sahani ya mgeni. Nilikasirika kama mtu aliyetukanwa.

Nyuma ya jiko tulikuwa na pilipili zile ndogo. Nilichuma mbili, nikazisugua ndani ya kiwiko mpaka machozi yakanitoka. Haikuchukua muda, mkono ulivimba na kuwaka moto, nikamwita mke wangu.

Aliushika kwa mikono miwili. Aliusogeza karibu na uso wake, akakaa hivyo kidogo.

"Pole, baba," alisema. "Infirmier alisema nini?"

"Alisema uache," nilimsingizia muuguzi.

Alitoka akamwaga sufuria nzima nyuma ya choo. Kisha akajifunga kitenge cha kutokea.

"Tuende," alisema. "Pale kwa kila muteja. Baone mukono."

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na nyumba tisa. Kwenye kila mlango, kabla hajabisha, mke wangu alisimama akanigeukia.

"Uko na neno, baba?"

Nilidhani anaulizia maumivu. "Apana," nilijibu. Naye akabisha.

Nilikunja mkono wa shati, nikaonyesha. Wanawake walijishika midomo. Mmoja alimleta mtoto wake, akamgeuza huku na huku, mgongo laini, makalio laini.

"Wangu hana kitu, mama. Ona mwenyewe."

"Nimeona," mke wangu alimjibu. "Lakini mukono ya bwana yangu njo hii. Heri tuache."

Nyumba ya tisa ilikuwa ya mwenzangu wa karakanani. Mkewe alirudisha chupa ikiwa bado nusu, na nikaipokea mimi mwenyewe. Siwezi kudanganya, nilifurahi. Mkono uliniuma mpaka begani na bado nilifurahi.

Meza ya sokoni haikupatikana. Mke wangu aliuza maharagwe kwenye gunia, chini, juani. Haikupita miezi mingi, mwanamke mwingine akaweka meza upande wa kivuli akiuza mafuta ya msandali, manukato ya Mgiriki yule yule. Barabara yetu yote ilinunua kwake, na hakuna aliyepata upele. Karakanani, mwenzangu aliinama tena kando yangu na harufu ile ile kolani. Nyumbani shingo ya mke wangu ilinuka sabuni ya kufulia.

Miaka mingi baadaye, mchana mmoja, alikuwa akitwanga pilipili nami nimeketi karibu. Nilipiga chafya. Alisimamisha mchi.

"Ile siku, mukono yako ilikuwa inanuka hii," alisema.

Nilitazama kinu. Nilimuuliza, kwa nini basi alimwaga mafuta, kwa nini akazunguka barabara nzima akijiharibia mwenyewe, kama alijua.

"Nilikuwa nangojea useme," alisema. "Kwa kila mulango nilikuuliza kama uko na neno. Mara tisa, baba."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa ananitazama vile vile kama milangoni, mchi mkononi, akingoja.

Nilitazama kinu mpaka akaanza kutwanga tena.